Mlango Wazi Haumwiti Mtu

Wiki hii nimeulizwa tena, safari hii na meneja wa kampuni inayosambaza vifaa vya ujenzi: "Mimi mlango wangu uko wazi saa zote. Nimewaambia wote, mwenye tatizo aje. Sasa mbona hawaji mpaka mambo yameshaharibika? Niwafanyeje ili wafunguke?"

Swali hili nimelijibu kwenye semina, kwa barua pepe na kwa simu, na bado linarudi likiwa na maneno yale yale. Leo nalijibu kwa urefu. Kosa limo ndani ya swali lenyewe, kwa sababu linadhani wafanyakazi ndio wenye kasoro inayohitaji dawa: ni waoga, wasiri, hawajiamini. Wafanyakazi hawa wana akili zao timamu. Wamepima faida na hasara ya kuingia ofisini kwako, wakaona hailipi.

Jibu langu ni kikao cha ana kwa ana, ambacho sitakieleza kwa marefu. Ni msimamizi na mtu mmoja anayemsimamia, kwa muda uliopangwa na unaojirudia, wakiwa na ajenda ambayo wote wawili wameiandika kabla ya kukaa. Mameneja wanaoniuliza wanakijua. Wanachoamini ni kwamba wao hawakihitaji kwa kuwa mlango uko wazi, na imani hiyo ndiyo inayowaponza.

Tazama kinachotokea mlangoni. Mhasibu msaidizi ameona kwamba ankara za msambazaji mmoja zinapanda kila mwezi wakati mzigo unaopokelewa stoo ni ule ule. Hana uhakika. Inawezekana bei imebadilika na yeye hakuambiwa. Anapita karibu na ofisi ya bosi mara ya kwanza, kuna mgeni. Mara ya pili bosi ana simu sikioni. Mara ya tatu bosi yuko peke yake, lakini macho yako kwenye kompyuta, na dereva amesimama pembeni na funguo mkononi.

"Shikamoo bosi."

"Marahaba. Vipi, kuna nini?"

"Hapana bosi, nilikuwa napita tu. Nitakuona baadaye."

Baadaye haifiki. Siku wakaguzi wanapokuja na kulikuta jambo lile kwenye vitabu, meneja anamgeukia mhasibu wake na kumuuliza mbona hakusema. Alikuja kusema, mara tatu, na mlango ulikuwa wazi mara zote tatu.

Hebu tuangalie ni nani aliyebebeshwa mzigo hapo. Aliye chini ndiye anayetakiwa kuchagua wakati, kukisia kama bosi ameamka vizuri, kukatisha kazi ya mkubwa, kupita mbele ya sekretari atakayemuuliza "una shida gani?", kuonwa na wenzake akiingia, na akishaingia kuthibitisha ndani ya sekunde chache kwamba alicho nacho kinastahili muda wa mkubwa. Aliye juu hajafanya lolote, ameacha mlango bila kuufunga basi. Kisha anashangaa.

Katika nchi zetu mzigo huo ni mzito kuliko wanavyofikiri walioandika vitabu vya uongozi huko Marekani. Mtafiti wa Uholanzi, Geert Hofstede, alitumia majibu ya wafanyakazi wa IBM waliohojiwa miaka ya 1960 na 1970 kupima jinsi watu wa nchi mbalimbali wanavyolichukulia pengo la mamlaka kati ya mkubwa na mdogo. Afrika Mashariki, aliyoihesabu pamoja na Ethiopia na Zambia, ilipata alama 64. Marekani ilipata 40. Vipimo vya Hofstede vina wapinzani wao, na mimi siamini kwamba namba moja inaweza kuwaeleza watu wa nchi zote hizo. Lakini hakuna aliyefanya kazi Dar es Salaam, Nairobi au Mwanza atakayebisha kwamba kijana wa miaka 26 aliyelelewa kunyamaza wakubwa wanapozungumza haamki asubuhi moja na kwenda kumwambia mkurugenzi kuwa mpango wake una tundu, eti kwa kuwa mlango haukufungwa. Heshima yake kwako ni kitu kizuri, wala sitaki aitupe. Nataka umpe nafasi ambamo kusema ni sehemu ya kazi yake, ili asilazimike kuchagua kati ya adabu na ukweli.

Na hata hao Wamarekani mlango wazi umewashinda. Frances Milliken, Elizabeth Morrison na Patricia Hewlin walichapisha mwaka 2003 utafiti wa mahojiano na wafanyakazi 40, na wengi wao walikiri kuwahi kushindwa kumpelekea bosi jambo waliloliona lina umuhimu. Sababu kubwa ilikuwa hofu ya kuonekana mkorofi au mlalamishi na kuharibu uhusiano. Mwaka 2007 James Detert na Ethan Burris walichunguza mtandao mmoja wa migahawa, wafanyakazi zaidi ya 3,000 na mameneja zaidi ya 200, na kwenye kichwa cha makala yao wakauliza kama kweli mlango uko wazi. Waligundua kwamba kinachowafanya watu waseme ni kuona kuwa meneja anasikiliza kweli na kuyafanyia kazi anayoambiwa, kiasi kwamba wanajiona salama kusema. Kuna jambo jingine katika utafiti huo ambalo ningependa kila meneja alale nalo: mwenendo wa bosi uliwagusa zaidi wafanyakazi waliofanya kazi vizuri kuliko wengine. Usiposikiliza, watakaokunyamazia ni wale uliokuwa ukiwahitaji wakwambie.

Sasa, wapo wanaoingia. Ofisi haikosi watu wanaoutumia mlango wa bosi kila siku, na bosi huwataja kama ushahidi kuwa mfumo wake unafanya kazi. Waangalie vizuri ni akina nani. Yumo mwenye ujasiri wa kuzaliwa nao, yumo mliyesoma naye, yumo mwenye malalamiko yasiyoisha, na wamo wapambe wanaoleta habari za wenzao. Ukitegemea mlango, picha yako ya ofisi nzima inachorwa na hao. Mpokezi wa zamu ya usiku, fundi wa gereji, muuguzi wa wodi ya mwisho na afisa wa tawi la Kigoma hawamo kwenye picha hiyo.

Jingine ni ukubwa wa jambo. Mtu anayelazimika kuomba nafasi haendi na jambo dogo, analisubiri lipate uzito wa kumtosha kubisha hodi. Lakini kazi ya usimamizi ni kuyakamata mambo yakiwa madogo: ankara inayotia shaka, mashine inayotoa mlio mpya, mteja ambaye siku hizi hapokei simu haraka, mfanyakazi hodari aliyeanza kuulizia cheti chake cha utumishi. Mlango wazi unayachuja hayo yote na kukuachia moto. Ndiyo maana bosi wa mlango wazi anaishi kwa kuzima moto, huku akijisifu kuwa anafikika.

Ukimya nao unasomwa vibaya. "Kwangu hakuna matatizo, wangekuja." Amy Edmondson, aliyekuwa akichunguza makosa ya utoaji dawa katika hospitali za Marekani, alichapisha mwaka 1996 matokeo yaliyomshangaza: wodi zilizoongozwa vizuri zilionekana na makosa mengi zaidi, si machache. Maelezo aliyofikia ni kwamba huko watu hawakuogopa kuyasema, na kwingine waliyaficha. Ofisi isiyo na tatizo lolote linalofika mezani kwako inapaswa kukutia wasiwasi kuliko yenye mengi.

Meneja akishaelewa haya hukimbilia vibadala. Atasema wanaongea kila siku, na ni kweli wanaongea: mzigo umefika, gari liko wapi, ripoti nataka saa nane. Hayo ni maagizo na majibu ya maagizo. Atasema kuna kikao cha Jumatatu, kana kwamba mtu atasema mbele ya wenzake kumi kile alichoshindwa kusema mbele yako peke yako. Atasema kuna kundi la WhatsApp la kazini, ambako kila ujumbe wa mkurugenzi hujibiwa "sawa bosi" na vidole gumba vilivyonyanyuliwa. Wengine wametundika sanduku la maoni ukutani, na kufuli lake limeshika kutu kwa sababu aliyepewa ufunguo alihamishwa. Sanduku lina kazi yake kwa wateja na kwa mambo ambayo lazima yasemwe bila jina. Kwa mtu unayemsimamia mwenyewe, mnayekula mlo mmoja kantini, sanduku ni ungamo kwamba humfikii.

Mwaka 1983 Andrew Grove, aliyekuwa rais wa Intel, alitoa kitabu kiitwacho High Output Management, na ndani yake alisema wazi kwamba kikao cha ana kwa ana ni cha anayesimamiwa: yeye ndiye mwenye ajenda na mwelekeo. Sababu moja aliyoitoa ni hesabu tupu. Msimamizi mwenye watu wanane akiandaa ajenda mwenyewe itabidi ajiandae mara nane, wakati kila mmoja wa wale wanane anajiandaa mara moja tu. Alikadiria pia kwamba dakika 90 za msimamizi zinaweza kuboresha kazi ya mtu kwa wiki mbili zinazofuata. Wapo watakaosema Intel ni Intel na sisi ni sisi. Hesabu ya wanane na mmoja haibadiliki ukivuka bahari.

Kwetu ajenda ya pamoja ina faida nyingine ambayo naiona ni kubwa kuliko ya Grove. Inampa mdogo ruhusa ya kusema. Jambo likishaandikwa kwenye karatasi ambayo bosi mwenyewe ameagiza iandikwe, kulitaja si utovu wa adabu tena, ni kutii agizo. Mhasibu wetu hahitaji kutafuta ujasiri mlangoni. Anaandika Jumatatu, bosi anasoma Jumanne, Jumatano wanakaa na bosi ndiye anayesema: "Haya, nieleze hili la ankara." Sentensi ngumu kuliko zote, ile ya kwanza, ameondolewa.

Lakini ajenda yenyewe iandikwe kama ajenda. Nyingi ninazoonyeshwa zina maneno matatu: stoo, likizo, mengineyo. Hiyo ni orodha ya vichwa, na mtu anaweza kukaa nayo nusu saa bila kusema chochote. Huu hapa ukurasa mmoja ulioandikwa sawasawa, wa msimamizi wa stoo na meneja wake:

Upande wa msimamizi wa stoo: "Dereva wa pili anaondoka mwisho wa mwezi. Tutafute mwingine sasa au tutumie gari la kukodi mpaka Januari? Naona tutafute sasa." Chini yake: "Saruji iliyolowa, mifuko 14. Paa lilivuja tena kona ile ile. Nahitaji idhini ya fundi." Chini yake tena: "Naomba kujifunza kuagiza mzigo kwa mfumo mpya. Nani anaweza kunionyesha?" Upande wa meneja: "Hesabu ya nondo haikulingana mara mbili. Nataka kuelewa mnavyohesabu, hatua kwa hatua." Na chini kabisa, sehemu isiyofutwa: "Tuliyokubaliana mara iliyopita: meneja kuzungumza na mwenye jengo kuhusu paa. Bado."

Angalia neno hilo la mwisho. Limeandikwa na mdogo kuhusu ahadi ya mkubwa, na hakuna aliyevunjiwa heshima. Hakuna mlango uliowahi kufanya hivyo. Angalia pia kwamba kila jambo lina swali linalodai jibu, na kwamba mfanyakazi ameandika anavyoona yeye. Hilo la "naona" ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, kwa sababu mtu anayezoea kuleta tatizo pamoja na maoni yake anajifunza kuamua, na ndani ya mwaka mmoja unakuwa na msaidizi. Anayeleta tatizo tupu anabaki tarishi wa matatizo.

Mambo ya mfanyakazi yatangulie, ya bosi yafuate. Ukianza na yako, muda utakwisha kwenye yako, na wiki mbili zijazo hataandika kitu. Msikilize mpaka amalize, kisha mwulize kama kuna kingine, maana kinachokuja baada ya swali hilo mara nyingi ndicho kilichomleta.

Kuna vitu visivyoruhusiwa ndani ya kikao. Cha kwanza ni nidhamu. Ukitaka kumshtaki mtu kwa kosa, sheria imekupa njia yake: Tanzania, kanuni za utendaji bora za mwaka 2007, tangazo la serikali namba 42, zinampa mfanyakazi muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida haupungui saa 48 na haki ya kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Kenya, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinampa haki ya kusikilizwa akiwa na mtu wa kumsindikiza. Kumtega mtu kwa mashtaka ndani ya kikao cha ana kwa ana ni kosa la kisheria linalokungoja mbele, na pia ni mwisho wa kikao hicho kwa ofisi nzima, kwa sababu habari itasambaa kabla ya saa ya chai. Cha pili ni tathmini ya mwaka. Watumishi wa umma wa Tanzania wameishi na mfumo wa tathmini wa OPRAS tangu 2004 na sasa wana PEPMIS, na wapo wakuu wa idara wanaodhani kujaza mfumo ndiko kukutana na mtu. Mfumo unapokea kilichokubaliwa, haukubaliani na mtu kwa niaba yako. Mkikaa kila wiki mbili, siku ya tathmini hakutakuwa na jipya la kumshtua mtu, na kazi ya kujaza itakuwa nyepesi. Cha tatu ni umbeya kuhusu asiyekuwepo. Ukiruhusu mara moja, kila anayeketi hapo atajua naye anasemwa.

Yaliyobaki ni utaratibu, nayapitia haraka.

Muda: nusu saa, kila wiki kwa mgeni wa kazi, kila wiki mbili kwa aliyezoea. Ukiwa na watu wanane waliozoea, hiyo ni saa mbili kwa wiki kati ya 45 ambazo sheria ya Tanzania inaziruhusu kama saa za kawaida. Usiniambie huna. Ukiwa na watu 20 wanaowajibika kwako moja kwa moja, una tatizo la muundo na kikao hiki hakitalitatua. Gawa madaraka kwanza.

Ajenda: waraka mmoja kwenye mtandao ambao ninyi wawili tu mnaufungua, au kaunta buku lenye jina la mtu huyo mbele, linalokaa kwake. Dereva, mlinzi na mpishi wanaweza kutumia kaunta buku kama mkurugenzi, na asiyependa kuandika akutumie ujumbe wa sauti siku moja kabla, uandike wewe mbele yake. Ukurasa usifungwe wala kuanzwa upya kila mara. Historia ndiyo inayowawajibisha wote wawili.

Mahali: panapoonekana na watu, pasiposikika. Kama wewe ni mwanamume na unamsimamia mwanamke, au kinyume chake, ni saa za kazi, eneo la kazi, kioo au mlango usiofungwa kwa komeo, na kamwe si hotelini wala kwenye gari jioni. Rushwa ya ngono ni jinai Tanzania chini ya sheria ya kuzuia rushwa ya 2007, na utaratibu unaoonekana unamlinda kila mmoja. Aliye tawi la mbali mpigie simu siku na saa ile ile. Mazungumzo ya kutembea kuelekea kwenye ghala yanafaa, mradi kaunta buku lipo.

Kuahirisha: mara moja, na siku hiyo hiyo umpe tarehe mpya. Ukiahirisha mara mbili mfululizo ameshajua nafasi yake kwako. Simu yako iwe kwa sekretari. Akikuletea jambo usiloweza kulitatua, mwambie huwezi na umweleze kwa nini, papo hapo. Ukinyamaza ataamini umelipuuza.

Wewe unayesimamiwa na bosi asiye na kikao hiki: usimwombe "kikao", neno hilo linamtisha mwenye shughuli nyingi. Mwandikie mambo matatu kwa mtindo wa ukurasa ule, kila moja na maoni yako, na umwombe dakika 20 Alhamisi kuyamaliza. Baada ya hapo mtumie muhtasari wa mistari minne na uulize kama Alhamisi ya wiki mbili zijazo inafaa.

Na meneja wa vifaa vya ujenzi, ambaye najua ataniuliza swali linalofuata: kaunta buku likirudi tupu wiki ya kwanza na ya pili, usimgombeze mtu wala usikifute kikao. Kaa naye nusu saa ile ile. Mwulize ni kazi gani ya wiki hii iliyomchukulia muda mrefu kuliko alivyotarajia, na ni kitu gani angekibadilisha stoo kama uamuzi ungekuwa wake. Atakachosema kiandike kwa mkono wako upande wake wa ukurasa, chagua kimoja unachoweza kukifanya kabla ya Ijumaa, ukifanye, kisha urudi uandike "tayari" mbele yake.